Meza ya watu 8 kwenye chumba cha kumi kwa kumi: mastaa na daining zao za Kimalkia

Haupiti mwezi bila staa mmoja kufungua mlango wa apatimenti yake na kuwaonyesha mashabiki "daining ya Kivictoria". Safari hii zamu imemwangukia mwigizaji mmoja wa kike wa Bongo, jina kapuni, aliyetupia video huku muziki wa vinanda ukilia kwa mbali. Meza nyeusi inayong'aa mpaka mtu anajiona. Viti 8 vya mahameli nyekundu, migongo mirefu kama ya mahakamani. Kabati la vyombo linalogusa dari. Mapazia mazito mpaka sakafuni, na taa ya vioo inayoning'inia usawa wa paji la uso. Makopakopa yakamwagika, watu wakaandika "Malkia!", "Mjini hapa!", "Acha tuendelee kujitafuta!"

Kuna swali moja tu ambalo hakuna aliyeuliza. Pale anakula nani?

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Daining nyingi za apatimenti za mjini ni futi kumi kwa kumi, yaani mita 3 na kidogo kila upande. Meza ya watu 8 ina urefu wa kama mita 2.2 na upana wa mita 1. Mtu akivuta kiti akae, nyuma yake zinahitajika kama sentimita 75. Sasa kwenye urefu wa chumba zinabaki sentimita 40 kila ncha, kwa hiyo viti viwili vya kichwani ni mapambo, hakuna binadamu atakayeingia pale. Ukija kwenye upana, weka kabati la sentimita 50 na zinabaki kama 77 kila upande. Aliyekaa amekaa. Mwenye kupita na sufuria ya wali kutoka jikoni hapiti, labda apite juu ya meza.

Ndiyo maana kwenye video ile ile, waliochungulia vizuri waliona jambo. Sahani moja ilipoinuliwa ili kioneshwe chapa yake, stika ya bei ya dukani bado ilikuwa chini. Na msanii mwingine, huyu wa kiume, anayejisifia meza ya aina hiyo hiyo, wageni wake kila siku wanaonekana sebuleni wamepakata sahani mapajani. Meza ipo, imepangwa visu na uma, haiguswi. Watoto wakiikaribia wanafukuzwa kama kuku.

Watetezi watasema ni hela yake, ni kwake, wivu wa nini? Sawa, apambe atakavyo. Lakini staa anapoweka bei, anapomtaja muuza fenicha na kuwaambia mashabiki "na wewe unaweza", hapo siyo kwake tena. Hilo ni tangazo. Na upande wa pili wa tangazo kuna binti amepanga vyumba viwili, kodi amelipa ya miezi sita kwa mbinde, anaona ndoa yake haijakamilika bila viti vya mahameli. Anakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu. Fenicha inaingia leo, wiki ijayo wakusanya marejesho wako mlangoni. Meza ya kulia familia imegeuka meza ya kuikimbia.

Kinachokera zaidi ni kwamba wanaojiita Kivictoria, Uvictoria wenyewe hawaujui. Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 mpaka 1901, na si kila raia wake aliishi kwenye kasri. London, Manchester na Leeds zilijaa nyumba za safu zilizobanana ukuta kwa ukuta, vyumba vyake vidogo. Karani na mwalimu walikula humo humo, watoto wakaandikia kwenye meza ile ile, mama akashonea hapo hapo. Hawa ndio wa kuigwa na mtu wa apatimenti. Mastaa wamewaruka, wameenda kuiga ukumbi wa lodi.

Wale wa nyumba ndogo walikuwa na akili. Walitumia meza zenye mbawa za kukunja. Kuna aina moja iliitwa meza ya Sutherland, ikikunjwa inakuwa nyembamba kabisa na kuegeshwa ukutani, ikikunjuliwa inatosha watu kula. Viti walipenda vile vyenye mgongo wa mviringo ulio wazi katikati, vyepesi, havizibi macho. Ukutani walipigilia ukanda wa mbao usawa wa mgongo wa kiti, kama futi 3 kutoka chini, ili viti visichubue ukuta. Chini ya ukanda rangi nzito, juu nyepesi. Ule ukanda ambao leo mafundi wanauita "nakshi ya kizungu" ulikuwa na kazi.

Hata mapazia mazito na rangi za giza vilikuwa na sababu. Kule ni baridi, upepo unapenya madirishani, na majiko ya makaa ya mawe na taa za gesi vilitema masizi. Rangi ya giza ilificha uchafu. Dar es Salaam kuna masizi gani? Kuna joto na unyevu. Mahameli inanuka uvundo, AC inanguruma kutwa, Luku inateketea, na yote hayo ni kwa ajili ya pazia.

Wala si kwamba enzi zile wote walishangilia manjonjo. Mwaka 1868 Mwingereza Charles Eastlake alitoa kitabu, Hints on Household Taste, akiwasema watu wake kwa kununua fenicha za mbwembwe badala ya zilizo imara na zenye kazi. Yaani somo hili lina miaka zaidi ya 150, bado watu wanarudia darasa.

Na kuna jambo la kuwafanya mastaa wapunguze kuita vitu hivyo "vya kifalme". Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara, zikapitia Zanzibar, ndizo zilikwenda kuwa mipini ya visu vya mezani na vibao vya piano huko Ulaya. Mwafrika Mashariki alikuwepo kwenye daining ya Kivictoria tangu mwanzo, ila hakukaribishwa kukaa.

Anayeupenda mtindo huu kweli kweli aufanye, unapendeza. Meza ya mbawa ya mkangazi au mninga, fundi wa Keko anaichonga akipewa picha na vipimo. Viti vinne. Ukanda wa mbao, chini kijani kibichi kilichokolea, juu rangi ya maziwa. Kioo kimoja kikubwa chenye fremu ya dhahabu, kinaongeza mwanga na chumba kinaonekana kipana. Pazia jepesi la pamba. Na vyombo vizuri vitundikwe ukutani, kama nyumba za kale za Lamu zilivyopanga sahani za Kichina kwenye vidaka bila kula hata inchi ya sakafu.

Halafu mama mkwe akija, apakuliwe ugali na samaki pale pale mezani, akae, aegemee, aongezewe mchuzi.

Mwigizaji wetu ana wafuasi wa kutosha. Atupie video nyingine, watu wanne wamekaa kwenye zile meza na viti, wanakula, na dada anapita na sufuria nyuma yao. Akiweza, basi yaishe. Wadau, mnasemaje? Ataiweka, au ataweka kiti cha tisa?