Ubao Mpya wa Tezi Hautoshi

Boti ndogo ya alumini husifiwa kwa wepesi wake na kwa kuwa haiozi. Sifa hiyo ya pili ni kweli nusu tu. Huko Amerika ya Kaskazini, ambako boti za namna hii zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye vyombo hivyo wanafahamu kwamba aghalabu nyuma ya bamba la alumini la tezi hufichwa ubao, nao ubao huo huoza. Ndio unaobeba mashine. Ukishaoza, mashine huweza kung'oka chombo kikiwa katikati ya maji, mawimbi yakaingia kwa nyuma, na watu wakaangamia. Kuubadilisha ubao huo, basi, si kazi ya urembo.

Linalofaa kujadiliwa ni namna kazi hiyo inavyofanywa. Mara nyingi fundi huuondoa ubao mbovu, hukata mwingine kwa kipimo kile kile, kisha huurudisha na kukaza bolti. Huko ni kutuliza maumivu na kuyaacha maradhi yalipo.

Yafaa kwanza kuuliza ubao huo una kazi gani. Ikichukuliwa kwamba pangaboi la mashine linasukuma kwa nguvu ya newtoni 500, nalo liko nusu mita chini ya mahali mashine ilipofungwa, tezi itapindwa kwa momenti ya kani ya newtoni-mita 250. Bamba la alumini lenye unene wa milimita chache haliwezi kustahimili hayo peke yake kwa muda mrefu. Ubao, ambao katika boti nyingi una unene wa kama milimita 38, ndio unaoeneza mzigo.

Swali la pili ni nini hasa kinachouozesha. Si maji peke yake, bali ni kuvu zinazokula selulosi ya mti. Kuvu hizo zinahitaji chakula, joto la kadiri, hewa na unyevu. Ubao wenye unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Na ubao uliozama daima hudumu, kwa sababu hewa haiufikii vya kutosha. Tezi haina bahati ya huu wala ya ule. Maji hupenya katika matundu ya bolti na katika kingo zisizozibwa, hunaswa baina ya mti na bamba, na hewa nayo ipo.

Hapo huja shauri linaloonekana la busara: utumike ubao uliotiwa dawa ya kuua kuvu. Kwa mwanafunzi wa baiolojia jibu hilo ni sahihi. Kwa mwanafunzi wa kemia ni hatari, maana dawa nyingi za mbao zina shaba. Nchini Marekani, watengenezaji waliacha mwishoni mwa mwaka 2003 kutumia dawa yenye aseniki katika mbao za matumizi ya nyumbani, na dawa nyingi zilizoshika nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi yake. Ubao wenye shaba ukilowa maji, hasa ya chumvi, utando huo huvunjika, nayo alumini hutoa elektroni zake na kuliwa. Unga mweupe huonekana, kisha vishimo, kisha matundu. Ubao umepona, lakini boti imekufa.

Njia iliyo bora ni ya kuchosha zaidi. Plaiwudi ya baharini, iliyoshikizwa kwa gundi isiyoyeyuka katika maji, hukatwa kwa kufuata umbo la ubao wa zamani. Tabaka mbili huunganishwa kwa gundi ya epoksi, na pande zote hupakwa epoksi, hasa kingo. Kila tundu hutobolewa kwa upana kupita kipimo, hujazwa epoksi, na ikishakauka hutobolewa tena kwa kipimo cha bolti, ili maji yakipita yasiuguse mti. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, nazo zizungushiwe lakiri ya kuzuia maji. Kwa njia hiyo kuvu hunyimwa unyevu, na alumini haikutanishwa na shaba.

Somo hili halihusu Amerika peke yake. Boti nyingi za faiba zenye mashine, zinazotumika katika pwani na maziwa ya Afrika Mashariki, nazo zina plaiwudi ndani ya tezi, na matundu yake huvuja vile vile.

Shuleni, hata hivyo, kuvu hufundishwa katika kipindi kimoja, elektroni katika kingine, na kani katika cha tatu, kana kwamba katika maisha mambo hayo hayakutani. Mwalimu anayetaka kuyakutanisha hahitaji maabara kubwa. Achukue ukanda wa alumini na waya wa shaba, avitumbukize katika maji ya chumvi bila kugusana, aviunganishe na voltimita, na awaache wanafunzi waone sindano ikisogea. Kisha awape kipande cha ubao uliooza, na awaulize wangechagua ubao gani mpya, na kwa sababu gani. Atakayejibu kwa somo moja tu arudishwe akafikiri tena.