Kosa si baga, kosa ni "usimwambie mama"

Ijumaa moja hapa Muscat nilimpeleka mjukuu wangu kula baga na chipsi. Njiani nikamnong'oneza: "Usimwambie mama." Tulipofika nyumbani mama yake akamuuliza. Mtoto akajibu bila wasiwasi: "Tumekula wali." Wallahi niliona haya. Miaka yote nimesomesha watoto wasiseme uongo, leo nimemfunza wangu mwenyewe!

Baga ya mara mojamoja haina neno. Soda ndiyo tuichunge. Hata serikali ya Oman ilianza kuitoza ushuru wa asilimia 50 mwaka 2019. Lakini mabibi na mababu wenzangu, tunapowadekeza wajukuu, wazazi wao wajue. Mimi nilimtaka radhi binti yangu siku ileile, mtoto akisikia.