Msizikate taa zinazogeuka

Mteja akiniletea gari ambalo taa ya AFS, yaani ya mfumo wa taa za mbele zinazogeuka kufuata usukani, inapepesa kwenye dashibodi, mara nyingi ameshaamua nimfanyie nini. "Fundi, ikate tu hiyo. Mwanga si upo?" Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kupanda milima ya Usambara. Siikati. Naandika kwa sababu ombi hilo ni la kila mara, na ziko karakana zinazolikubali kwa dakika chache na pesa ndogo, kisha gari linapandishwa mlimani usiku huohuo.

Taa ya kawaida imefungwa kwenye mwili wa gari, kwa hiyo humulika pale pua ya gari inapoelekea. Kwenye kona hilo halitoshi, kwani pua inaelekea bondeni wakati lami imeshapinda. Ni sawa na mtu aliyejifunga tochi kifuani: kinachomulikwa ni kilicho mbele ya kifua, hata kama macho yake yanatafuta njia pembeni. Chukua kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 50. Mita 20 mbele ya gari, barabara imeshaachana na mstari wa pua kwa mita 4 hivi, yaani zaidi ya upana wa njia moja. Mama aliyebeba kuni ukingoni mwa lami mahali hapo hayumo kwenye mwanga mkali wa taa zako, na ukiwa na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unamfikia kabla ya sekunde 2 kuisha.

Ili taa ifike alipo mama yule, inatakiwa igeuke digrii 11 au 12. Mifumo mingi ya taa zinazogeuka huweza kwenda hadi digrii 15 hivi. Waliobuni kitu hiki walikuwa na kona za namna hii akilini.

Ukiifungua taa yenyewe mezani, huoni maajabu. Kuna projekta: bakuli linaloakisi mwanga, balbu ya xenon, kisahani kinachozuia mwanga usipande juu, na lenzi nene ya duara mbele yake. Projekta nzima imekaa juu ya ekseli fupi ya wima, na chini yake kuna mota ndogo inayokwenda hatua kwa hatua. Kwenye shina la usukani iko sensa inayosoma umezungusha kiasi gani na kwa upande upi. Sensa za magurudumu zinaleta mwendo. Kontroli boksi inaunganisha taarifa hizo, inapiga hesabu upya bila kupumzika, na kuiambia mota igeuze projekta kiasi gani. Katika magari mengi, taa iliyo upande wa ndani wa kona hugeuka zaidi ya ile ya nje.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanasimamisha gari uani, wanawasha taa, wanazungusha usukani kushoto na kulia, wanaona projekta imetulia. Wanasema imekufa. Kwenye magari mengi ya Toyota na Lexus mfumo huu haufanyi kazi mpaka gari liwe linatembea, kama kilomita 10 kwa saa au zaidi. Toka nalo barabarani giza likiingia, tafuta kona ya taratibu, utauona mwanga ukitangulia kuingia ndani ya kona.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1935 Tatra ya Chekoslovakia, modeli ya 77a, ilikuwa na taa tatu mbele, na kwenye baadhi ya magari hayo taa ya katikati iliungwa na usukani. Mwaka 1948 Preston Tucker wa Marekani aliweka jicho la tatu katikati ya gari lake, nalo likafuata usukani. Yalitengenezwa magari 51 tu. Mwaka 1967 Citroën ya Ufaransa iliipa DS taa za ndani zilizogeuzwa kwa nyaya kutoka kwenye usukani, huku taa za nje zikirekebishwa kimo chake kwa nyaya zilizotoka kwenye mfumo wa kubeba gari. Mimi naistahi sana kazi ile, maana bila kompyuta waliona kwamba taa njema ina kazi mbili, kugeuka na kubaki kwenye kimo chake. Wamarekani hawakuipata DS hiyo kamili, kwa sababu sheria zao za taa hazikuruhusu.

Kwetu taa hizi zilikuja kwa mlango wa magari yaliyotumika Japani. Harrier iliyotoka mwaka 2003, ambayo mitaani wameibatiza "tako la nyani", ilikuwa nazo kwenye matoleo yake ya juu. Kwa hiyo kifaa hiki si cha matajiri wa mbali. Kinapita mbele ya karakana yangu kila siku, na wengi wanaokimiliki hawajui wanacho.

Kinachoharibika mara nyingi hata si mota. Ni kifimbo kilicho chini ya gari nyuma, kirefu kama kidole, chenye vifundo viwili vya kuchezacheza, ambacho huunganisha mkono wa springi na sensa ya kimo. Kazi yake ni kuiambia kontroli boksi kwamba nyuma kumelemewa ili taa zishuke. Barabara zetu za vumbi zinakila. Kwanza mpira wa kifundo unachanika, mchanga unaingia, kutu inakaza, kisha siku moja gari linaruka tuta na kifimbo kinakatika. Sensa inapoteza habari, na dashibodi inaanza kupepesa AFS OFF.

Fundi mwenye haraka ana dawa mbili. Ya kwanza ni kuifunga sensa kwa waya wa bainding ili isicheze. Taa ya dashibodi inazimika na mteja anafurahi, lakini sasa kontroli boksi inaamini gari liko tupu milele. Jaza abiria watano, weka magunia ya karoti na kabichi nyuma, nyuma kunashuka, pua inanyanyuka, na mwanga wote unaingia machoni mwa dereva wa Fuso anayekuja mbele. Ya pili ni kuing'oa projekta yenye mota na kutia taa isiyogeuka kabisa, au kuchomeka balbu ya LED ya dukani mahali pa xenon. Projekta ile ilipimwa kwa balbu ambayo mwanga wake unatoka sehemu moja mahususi. Ukitia nyingine isiyokaa sehemu hiyo, mwanga unasambaa ovyo. Mwenye gari anaona ukuta mweupe unang'aa, anadhani ameongeza mwanga. Pale mwanga ulipohitajika, ndani ya kona, bado ni giza.

Hasira yangu iko hapo. Tumejiaminisha kwamba usalama wa usiku ni wingi wa mwanga. Vijana wanafunga spoti juu ya bampa, wanafunga na nyingine juu ya paa, halafu wanakutana na mwenzao kwenye kona za Soni na wote wawili wanaendesha kwa kubahatisha kwa sekunde kadhaa, huku bonde liko upande mmoja. Mwaka 2012 taasisi ya Marekani inayochambua madai ya bima, Highway Loss Data Institute, iliangalia magari ya Acura, Mazda, Mercedes-Benz na Volvo yenye taa zinazogeuka. Madai ya kuharibu mali za watu wengine yalikuwa yamepungua kwa kiwango kinachofika asilimia 10. Watafiti wenyewe walishangaa, kwa kuwa ajali za usiku za kugongana kwenye kona si nyingi kiasi hicho katika hesabu zao. Sasa fikiria barabara kama yetu, ambako kona ndiyo barabara yenyewe.

Sisemi taa hizi zinamaliza kila kitu. Zile kona za Lushoto zinazojikunja mpaka unaona ulikotoka, digrii 15 hazizitoshi. Tena mfumo unafuata usukani, kwa hiyo pale unapoingia kona, kabla hujazungusha, mwanga bado uko njia ya zamani. Dereva anatakiwa apunguze mwendo vilevile. Lakini kona nyingi za kutoka hapa hadi Soni ni za wastani, na hapo ndipo watu wanapotembea usiku wakitoka gulioni.

Kwa wenzangu mafundi, kifimbo kile kinapatikana kwenye spea za mtumba, na kukibadilisha hakumalizi saa. Baada ya hapo sensa isomeshwe upya kwa mashine, gari likiwa tupu na limesimama pasipo mteremko, maana ukiacha hatua hiyo taa zitatulia kwenye kimo kisicho sahihi. Gari likitoka kupimwa wili alaimenti na usukani ukawa umekaa upande, hakikisha sensa ya usukani nayo imewekwa sifuri, la sivyo taa zitaangalia mtaroni kwenye barabara iliyonyooka.

Na kwa wanaosimamia ukaguzi wa magari nina ombi moja. Swali la "taa inawaka?" halitoshi tena. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe unatosha, mbele yake sakafu iliyosawazishwa, na alama chini umbali wa mita 10. Gari likisimama kwenye alama hiyo, mstari wa juu wa mwanga wa dimu unatakiwa uwe sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa yenyewe. Wapande watu wawili nyuma, mstari usinyanyuke. Kwa gari lenye AFS, mkaguzi aangalie pia kama dashibodi inapepesa, kisha apinde chini aone kama kuna waya wa bainding. Gari zima ni dakika tano. Lililofeli linyimwe stika hadi litengenezwe, na karakana iliyofunga ule waya iandikwe jina.