Ziwa si ngao

Makala iliyodai kwamba wakazi wa Kisaka, mkoani Mara, hawana sababu ya kuwaza tetemeko la ardhi, kwa kuwa Ziwa Victoria linawakinga na mitikisiko ya Kagera, magharibi mwa ziwa, ilishika nusu ya ukweli na kuiacha nusu nyingine ikining'inia. Ni kweli mawimbi ya S, yale yanayotikisa ardhi kwa upande, hayapiti katika maji. Lakini nani alisema yanapita ndani ya ziwa?

Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera na kuua watu wasiopungua 17. Chanzo chake kilikuwa kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Ziwa, hata penye kina kirefu zaidi, lina mita 80 hivi tu. Mawimbi yanapita chini yake, ndani ya mwamba, kama fuko apitavyo chini ya dimbwi. Ya P, yanayobana na kuachia mwamba, huhitaji chini ya dakika moja kufika Tarime, mkoani Mara, umbali wa kilomita 300 hivi. Ya S hufuata nyuma, taratibu zaidi lakini kwa mtikiso mkali zaidi.

Mwandishi wa makala hiyo anausifu pia mwamba wa kale wa Mara. Sifa hiyo inamgeuka: mwamba mgumu na wa baridi husafirisha mitetemo mbali, bila kuimeza upesi.

Tena kwa nini kutazama magharibi pekee? Julai 2007 mtikiso wa 5.9 ulitokea Gelai, kando ya Ziwa Natron, mashariki ya Serengeti. Upande huo hakuna hata ziwa kama Victoria la kusingizia.