Moka si uhuni, dada zetu

Sisi tunaoshona nguo za harusi hapa Daraja Mbili, Arusha, tumechoka kusikia posa ikikataliwa eti kijana kaja na moka bila soksi. "Mhuni huyo!" Uhuni uko wapi?

Tuijue historia kwanza. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini walivaa viatu vya ngozi laini kabla Wazungu hawajafika. Huko Aurland, Norway, mafundi nao walishona vya kwao visivyo na kamba. Mwaka 1936 kampuni ya G.H. Bass ya Marekani ikatoa Weejuns, jina lililotokana na Norway. Wanafunzi wa vyuo wakavipenda, wakawa wanachomeka senti kwenye mkanda wa juu. Wanafunzi hao, si wahuni.

Na sisi je? Makubadhi ya pwani nayo ni ngozi ya kutumbukiza mguu. Bwana harusi akiyavaa na kanzu, hakuna anayenuna. Tena anayevua viatu mlangoni mwa msikiti mara tano kwa siku, kamba za nini?

Dini imetukataza kiburi na israfu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumwozeshe tunayeridhia dini yake na tabia yake. Viatu hakuvitaja.

Bibi harusi, uliza swala yake. Uliza anavyoishi na mama yake. Uliza riziki yake inatoka wapi. Moka zikikukera, mtanunua viatu vingine. Tabia hainunuliwi dukani.