Kuijua Nchi kwa Miguu na Kalamu

Mwambieni mtoto wenu achore ramani ya Afrika, naye pengine ataonyesha hata Ziwa Viktoria. Kisha mwambieni achore njia ya kutoka nyumbani hadi kisimani, na mahali inapopinda. Hapo atakuna kichwa, nasi wakubwa pamoja naye. Njia tunaikanyaga kila siku, lakini hatuitazami.

Huko Uingereza ilikuwapo desturi ya zamani. Siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana, padre na watu wake waliandamana kuzunguka mipaka ya parokia, wakiomba baraka kwa mashamba. Ramani zilikuwa chache, basi wavulana walichukuliwa wajifunze mpaka. Wakifika penye jiwe au mti wa mpaka, waliupiga kwa fito. Pengine mvulana mwenyewe aligongeshwa juu ya jiwe, asilisahau hata uzeeni! Malezi hayo siyasifu, lakini kusudi lake lafahamika: ugomvi ukizuka miaka hamsini baadaye, shahidi yupo.

Katika miaka ya 1980 chama kimoja cha huko, Common Ground, kiliwahimiza wachoraji na wanakijiji wachore ramani za parokia zao. Swali lilikuwa moja: Ni kitu gani hapa kwetu tunachokithamini? Watu wakachora miti ya matofaa, vijito, vijia vya miguu. Vipimo havikulazimishwa. Ramani nyingine zilipakwa rangi, nyingine zilitariziwa kwa uzi.

Nasi twaweza, tena bila gharama. Kimon Nicolaides, mwalimu wa uchoraji wa Marekani, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, alifundisha hivi: jicho lifuate ukingo wa kitu polepole, na kalamu iende mwendo ule ule, bila kutazama karatasi. Picha itatoka kombo. Msichekane, maana hapo linalofundishwa ni jicho.

Basi Jumamosi moja tokeni na watoto, mkiwa na penseli au kipande cha mkaa, na upande mweupe wa karatasi iliyokwisha tumika. Babu au bibi aongoze, kwa mwendo wake yeye. Simameni kisimani, penye mti wa mpaka, na pale mvua inapokula udongo. Kila mahali mtoto achore, naye babu ataje jina la pale na sababu ya kuitwa hivyo. Andikeni jina hilo papo hapo. Mabonde mengi yana majina ambayo yamebaki vinywani mwa wazee wawili watatu tu, na wazee hao hawatungoji.

Mkirudi, andikeni tarehe pembeni, mweke karatasi pamoja na vyeti vya ubatizo. Masika yakiisha, rudini nayo penye lile korongo, mhesabu kwa hatua limesogea kiasi gani kuelekea shambani.