Yaonjeni Maji Kabla ya Kupiga Makofi

Minneapolis, Minnesota

Kwa wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wote wa Garissa, Wajir na Mandera,



  

Wiki iliyopita binamu yangu alituma video katika kundi letu la familia. Kampuni moja ilikuwa inakabidhi tangi la maji kijijini. Hema limepigwa, wageni wamevaa fulana za rangi moja, chifu ameshika kipaza sauti, na mbele ya tangi kuna kibao cha chuma chenye nembo, rangi yake bado mbichi. Lakini macho yangu yalimfuata mama mmoja aliyesimama pembeni na punda wake, mitungi minne ya manjano imefungwa mgongoni mwa mnyama. Hotuba zikiendelea, mama yule alikwenda mferejini, akafungua kidogo, akatia kidole kwenye maji na kukiramba. Alikuwa anaonja kama yana chumvi. Aliporidhika, akafungua kamba za mitungi, akaanza kukinga.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Siku ile palikuwa na watu wengi wa kupiga makofi, na mkaguzi mmoja tu: yeye. Ndiyo maana nawaandikia.

Tangu tukiwa dugsi, madrasa yetu ya Kurani, tulifundishwa kwamba sadaka hufichwa, hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Kampuni haifichi inachotoa, wala haina sababu ya kuficha. Ina wanahisa, ina wateja, ina jina la kulinda, na inataka kijiji kiione vizuri. Hilo si kosa, na mradi unaookoa maisha ni kheri hata ukija na wapiga picha. Ninachosema ni kwamba tuuite kwa jina lake. Hayo ni makubaliano kati ya kampuni na wananchi, na makubaliano yana pande mbili. Mpokea sadaka hushukuru akaondoka. Mwenye makubaliano huuliza.

Na mna haki zaidi ya kuuliza kuliko mnavyodhani. Mama anayeuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi mjini Garissa akilipwa kwa M-Pesa, shilingi zile haziishii kwenye simu. Fedha za wateja wote huwekwa benki chini ya amana, na zikikaa huko huzaa mapato. Kwa mpango uliowekwa tangu mwanzo wa huduma hiyo, mapato hayo hayahesabiwi kuwa faida ya kampuni. Huelekezwa kwenye shughuli za hisani. Ni chanzo kimojawapo cha fedha za M-Pesa Foundation, wakfu ulioundwa mwaka 2010, miaka saba baada ya Safaricom Foundation, wakfu wa kampuni ya simu inayoendesha M-Pesa. Kwa hiyo mkiona wodi au darasa lenye jina la wakfu huo, mahali popote nchini, jueni kuna tone la jasho la muuza maziwa wetu mle ndani. Anayeuliza habari za mali aliyochangia hana utovu wa shukrani.

Mnaukumbuka mwaka 2011? Mvua zilikatika, mizoga ya ng'ombe ikapangana kando ya barabara ya Wajir, na kambi za Dadaab zikafurika ndugu waliokimbia njaa Somalia. Julai mwaka huo Safaricom Foundation, benki ya KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo la mwanzo lilikuwa shilingi milioni 500. Michango ya fedha na bidhaa ikapita bilioni 1. Sehemu kubwa ya utamu wa kampeni ile ilitoka kwa watu wa kawaida: mtu wa Kakamega au Nyeri ambaye hajawahi kuiona Garissa alishika simu yake akatuma alichonacho, hata kama ni kidogo. Kampuni kubwa zilitoa fedha, lakini kitu kikubwa zaidi zilichotoa ni njia: mtandao, namba ya malipo, redio na magazeti. Wananchi wakaitumia njia hiyo kufikiana.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijaliacha. Kampuni husaidia vizuri zaidi inapotoa kile inachokijua. Ya simu itoe mawasiliano, ya bima itoe bima, ya vifaa vya tiba itoe vifaa na watu wa kuvitunza. Chukueni mfano wa Wajir. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa, pamoja na watafiti wa mifugo wa ILRI, ilileta bima ya mifugo inayofuata sharia ya Kiislamu. Setilaiti hutazama ukijani wa malisho kutoka angani, na malisho yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Machi 2014 wafugaji wa Wajir wakapokea malipo ya kwanza. Mfugaji yule hakupewa zawadi. Alilipia bima yake, ukame ukaja, akalipwa haki yake, heshima yake ikiwa kamili. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilipopotea mfululizo na mamilioni ya mifugo ikafa nchini, nilifikiria sana ni nyumba ngapi zingesimama kama bima ya namna hiyo ingekuwa imeenea kama laini za simu.

Mfano wa pili uko Dandu, Mandera Magharibi. Kabla ya mwaka 2017 Mandera ilitajwa kuwa na vifo vya akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kiwango ambacho mtu anakisoma na kunyamaza. Kampuni kadhaa, Safaricom ikiwamo, ziliungana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu kusaidia kaunti zenye hali mbaya zaidi, na mwaka 2017 Philips ya Uholanzi ikashiriki kufungua kituo cha afya cha jamii pale Dandu. Walichofikiria si chumba na rangi tu. Walifikiria umeme wa jua, maji, taa za nje ili mama mwenye uchungu asifike gizani, vifaa vya uchunguzi, na mafunzo kwa wahudumu. Serikali ya kaunti ilikuwa ndani ya mpango, kwa sababu mishahara ya wauguzi hailipwi na kibao cha kampuni.

Sasa niwaambie habari ya kwetu, na jina la kampuni nitaliacha. Kijijini kwa mama yangu kulichimbwa kisima kirefu chenye mashine. Siku ya kufunguliwa walichinjwa mbuzi, watoto wakaimba. Kwa msimu mmoja na nusu tulisahau habari ya silanga, bwawa letu la maji ya mvua. Kisha asubuhi moja mashine ikakohoa, ikanyamaza. Hakuna aliyekuwa na namba ya fundi. Hakuna aliyejua spea inauzwa wapi. Hakuna kamati iliyokuwa imekusanya hata shilingi mia ya akiba. Mzee mmoja alisafiri hadi mjini na kipande cha mashine kilichofungwa kwenye kanga, akazunguka maduka siku mbili, akarudi nacho. Wanawake wakarudi silangani, mwendo wa saa nne kwenda na kurudi. Nilipozuru nyumbani baadaye nilikuta mbuzi wamelala kwenye kivuli cha kibao. Maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka vizuri.

Kosa halikuwa la kampuni peke yake. Nasi tulipokea bila kuonja.

Jambo jingine linaloniuma ni shule. Kampuni hupenda kujenga madarasa, kwa kuwa darasa linaonekana. Lakini ninyi mnajua kinachokosekana: walimu. Novemba 2014 walimu walikuwa miongoni mwa watu 28 waliouawa kwenye basi lililotoka Mandera. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na Tume ya Huduma ya Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji. Hatuwezi kuwalaumu waliokwenda kuokoa roho zao, na wale waliokufa wakifundisha watoto wetu tunawadai dua mpaka leo. Lakini matokeo yake ni darasa jipya lenye madawati mapya na hakuna mtu mbele ya ubao. Kampuni ikija na pesa za madarasa manne, iambieni ijenge mawili, na pesa za mengine mawili zisomeshe vijana wetu, wavulana kwa wasichana, ualimu. Mwalimu aliyezaliwa Balambala, Hulugho au Ijara hatahamishwa na hofu kwa urahisi, maana hana pengine pa kukimbilia. Pale ni kwao. Utaratibu wa kusomesha watoto werevu kutoka familia maskini si mgeni nchini: Wings to Fly ya benki ya Equity na Mastercard Foundation inafanya hivyo kwa sekondari tangu mwaka 2010. Kinachotakiwa ni kuuelekeza moyo huohuo kwenye pengo letu.

Huku ninakoishi ndiko yaliko makao makuu ya Target, kampuni ya maduka makubwa. Tangu mwaka 1946 imejulikana kwa kutenga asilimia 5 ya faida yake kwa jamii, na mji huu umefaidika. Hata hivyo, mwaka 2025 wanaharakati wa mji huuhuu, walipoona imerudi nyuma katika ahadi zake za usawa, walisimama mbele ya ofisi zake wakaitisha mgomo wa wanunuzi. Miaka yote ile ya ukarimu haikuwafunga mdomo. India nayo iliandika sheria mwaka 2013 inayozitaka kampuni kubwa kutenga asilimia 2 ya faida kwa shughuli za kijamii. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo kwa kampuni zote, kwa hiyo sheria yetu itabidi iwe baraza: wazee, kina mama na vijana wakiuliza kabla ya kutia saini.

Wala kampuni isiwe pazia la serikali kujifichia. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi, afya na elimu ni haki. Mfuko wa Usawazishaji ulio katika kifungu cha 204 uliwekwa kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa kama yetu. Tangi la kampuni likifika kijijini, swali la kaunti imefanya nini halifutwi.

Na sisi wa ughaibuni tujisahihishe pia. Tunatuma hawala, tunachangishana kwa ayuto, mchango wetu wa zamu, tunajenga msikiti na dugsi, tunapiga picha, tunarudi zetu. Tumefanya yaleyale ya kibao. Naahidi kwa niaba ya kundi letu la huku ughaibuni: mchango wetu ujao utakwenda kufundisha vijana wawili wa kijiji ufundi wa mashine za maji na kununua spea za kuweka akiba. Hautakuwa na kibao.

Basi gari la kampuni likiingia bula yenu, kijijini kwenu, mpokeeni mgeni kwa chai na heshima, kama tulivyolelewa. Kisha, kabla ya hema kupigwa, muulizeni mambo manne. Nani aliulizwa kwamba hiki ndicho tunachohitaji? Fundi ni nani, na namba yake ni ipi? Kaunti imetia saini kulipa nini? Na mtarudi lini kuangalia kama bado kinafanya kazi? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya watu, na mama mmoja mwenye punda na mitungi awe katika kamati. Akishaonja yeye akaridhika, hapo ndipo mpige makofi, nasi huku tutaitikia.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Garissa Ndogo, aliyeko mbali kwa mwili tu.